Usikubali kikundi kikupe kazi unayoiweza tayari

Ndugu yangu, ukatae mgawanyo huo wa kazi. Umesema umetoka kwenye uuguzi, umeanza shahada ya uzamili ya biashara kwa masomo ya jioni, na kikundi chenu kimekubaliana kwamba mhasibu afanye mahesabu, mtu wa benki achambue mikopo, na wewe, kwa kuwa unaandika vizuri, uandike ripoti na kuiwasilisha darasani. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na yalinigharimu mwaka mzima.

Kabla ya kurudi chuoni, hapa Dar es Salaam, nilikuwa nimefundisha Kiswahili na Historia sekondari kwa miaka 6. Wiki ya kwanza, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alitukalisha akatueleza kwamba hakuna anayemaliza kusoma kila kitu, kwa hiyo kila mmoja ashike analolijua na kikundi kitambeba. Mpaka leo ushauri ule unaniuma, kwa sababu aliyeutoa alikuwa na CPA yake tayari, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, na somo la uhasibu lililotutoa jasho sisi wengine yeye alikuwa amelifanyia kazi kwa miaka. Wahadhiri nao walipokea ripoti zetu nzuri, wakatoa alama nzuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni nani aliyeandaa mizania, ile taarifa ya mali, madeni na mtaji wa biashara.

Kazi za muhula zilikuwa na alama 40, na mtihani wa mwisho 60. Katika zile 40 nilifanya vizuri sana, na hapo ndipo nilipodanganyika, kwa kuwa niliamini alama zile ni zangu. Kwenye mtihani likaja swali la duka la jumla la vitambaa lililouza mali ya shilingi milioni 50, ambapo milioni 20 kati ya hizo zilikuwa za mkopo na wateja hawajalipa, huku gharama za milioni 38 zikiwa zimelipwa zote kwa fedha taslimu. Tuliulizwa kwa nini duka lina faida ya milioni 12 lakini mwenye duka hana fedha ya kulipa kodi ya pango. Zile milioni 20 zimeingia kwenye faida lakini bado ziko mikononi mwa wadaiwa, kwa hiyo zimepokelewa milioni 30, zimetoka 38, na upungufu ni milioni 8. Leo naweza kumweleza jambo hilo mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Siku ile nilikaa na karatasi kwa saa nzima, ingawa wiki tatu kabla nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikiwasilisha mtiririko wa fedha wa kampuni nzima, kwa tarakimu za mwenzangu.

Nilishindwa, nikafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, nikashindwa tena, nikasubiri hadi somo lirudi mwaka uliofuata, nikalilipia upya, na ruhusa yangu ya masomo kazini ikaisha kabla sijamaliza. Wenzangu wa kikundi walihitimu bila mimi, na siwalaumu, kwa sababu kila mmoja wao alifanya alichoombwa.

Kwa hiyo katika muhula huu wa kwanza, kila kazi ya kikundi inapogawanywa, chukua sehemu usiyoiweza, na anayeiweza awe mkaguzi wako. Mtachelewa, na ripoti ya kwanza huenda ikapata alama pungufu, lakini makosa utayafanya mezani kwa wenzako, mahali ambapo yupo wa kukuonyesha. Chumba cha karibu na chuo ulichokiulizia kitakusaidia hasa kwa hilo, maana vikao vya namna hii huisha usiku sana. Mkikutana kesho, waambie mapema kwamba mizania utaiandaa wewe, na umwombe yule mhasibu aketi kando yako bila kushika kalamu.