Kiti cha kulia cha mtoto: tazama miguu kwanza

SWALI: Mwanangu ana miezi sita na anaanza kula. Nimeona kiti kirefu chenye godoro nene na magurudumu. Kinafaa?

JIBU: Kinapendeza machoni, lakini godoro hilo litakuchosha. Chakula huingia kwenye mishono, huchacha, na kitambaa hakikauki upesi. Chagua plastiki au mbao laini isiyo na nyufa, na trei inayochomoka kwa mkono mmoja, maana mwingine utakuwa umemshika mtoto.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni pa kukanyagia. Mtoto anayening'iniza miguu huyumba, huchoka, na hushindwa kutulia ale. Tafuta kibao cha miguu kinachopandishwa na kushushwa kadiri anavyokua. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike takribani nyuzi 90. Trei iwe kati ya kitovu na kifua. Ikifika kwapani, imepanda mno. Akizama kitini, kunja taulo umwekee mgongoni na ubavuni.

Mikanda iwe ya pointi 5: mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja. Usitegemee trei, mtoto huteleza chini yake. Mfunge kila mara, hata kwa dakika mbili.

Miguu ya kiti itanuke chini. Magurudumu ni afadhali yasiwepo. Yakiwepo, yawe na breki. Na usikisogeze kiti karibu na meza au ukuta: atasukuma kwa miguu, kipinduke.