Maswali ya wasomaji: Kabla hujapanda ndege

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu kwenda kuishi na kufanya kazi nje. Nimechagua hizi.

Wakala amenitafutia kazi za ndani Maskati. Anadai milioni moja na nusu ya viza na tiketi. Mama yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Pongwe. Nilipe? – Dada wa Makorora

Usilipe, mdogo wangu, na kiwanja kisiuzwe. Wakala wa ajira lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwambie akuonyeshe, kisha nenda ofisi ya kazi ukaihakiki mwenyewe, usitosheke na karatasi yenye muhuri.

Mkataba uliopiga picha nimeusoma. Upande mmoja Kiarabu, upande wa pili Kiingereza. Mshahara umeandikwa riali 80, lakini pa siku ya mapumziko pako patupu na jina la mwajiri halipo. Riali 80 ni kama dola 208. Si haba, na wapo wasichana wa hapa Tanga waliojengea wazazi wao kwa kazi hiyohiyo. Ila Omani kuna kafala: viza yako inamtegemea mwajiri, na ukitoka nyumbani kwake bila ridhaa yake unahesabiwa mtoro. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu dada zetu wanaofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu: pasipoti zilichukuliwa, kazi ilikuwa alfajiri hadi usiku wa manane, na wengine walikatwa mshahara au hawakulipwa kabisa.

Basi wakala aandike mwajiri ni nani, utapumzika siku gani na tiketi ya kurudi analipa nani. Akikataa, achana naye. Hata akikubali, mwachie mama nakala ya pasipoti na ya mkataba, na namba ya ubalozi wetu Maskati uikariri, maana simu nayo huchukuliwa.

Kuhamia nje kuna faida gani na changamoto gani? – Kijana wa Ngamiani

Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara halina nchi, kazi wala elimu ya muulizaji. Muuguzi anayeitwa Uingereza na kijana anayezamia meli bandarini hawana safari moja. Andika upya.

Mwanangu ameahidiwa kazi Kanada, mradi alipie kibali cha mwajiri. Ni kweli? – Mzee wa Chumbageni

Ni utapeli, mzee wangu. Kule ada ya kibali cha kuajiri mgeni ni ya mwajiri, na haruhusiwi kumdai mfanyakazi. Kama kijana ana elimu na ujuzi, ajipime kwenye Express Entry, mfumo unaowapa alama waombaji wa kuhamia huko, kupitia tovuti ya serikali ya Kanada. Alama za umri huwa juu kabisa kati ya miaka 20 na 29, kwa hiyo miaka anayoipoteza kwa matapeli inamgharimu.

Mimi fundi cherehani. Mombasa nayo inahitaji kibali, na sisi ni Jumuiya moja?

Ndiyo. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu 2010, lakini kuvuka mpaka wa Horohoro si ruhusa ya kufanya kazi. Kibali unaomba.

Nikipewa uraia wa huko, wa Tanzania unabaki?

Hapana. Mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka. Ndivyo isemavyo Sheria ya Uraia ya 1995. Kabla ya kuapa, waulize Uhamiaji, na uulize pia kuhusu ardhi yako.

Mume wangu yuko Omani, anataka nimfuate. Watoto wabaki kwa bibi yao? – Mama wa Mikanjuni

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, dada yangu, kwa sababu watu hupanga tiketi miezi na la watoto hulimaliza kwa usiku mmoja. Bibi anaweza? Si anapenda, anaweza: kuamka usiku mtoto akiwa na homa, kwenda kikao cha shule, kumkatalia binti wa miaka kumi na minne. Kama magoti yanamsumbua, tafuta shangazi wa kusaidiana naye kabla hujaondoka. Andikisheni serikali ya mtaa nani atatia saini shuleni na hospitali. Fedha za matumizi zipitie kwa huyo anayewapikia, zisipitie kwa mjomba. Na umwambie mumeo akutumie kwanza nakala ya kibali chake cha ukaazi, tujue kama kinamruhusu kuleta mke. Kama kinaruhusu na watoto, swali lako linabadilika.