Kufunga sheniye juu ya pine za Bobcat: pima kwanza, halafu ununue

Bandugu, mwezi wa kwanza wa mwaka ule tulikuwa na shantie kule Kalebuka, kiwanja cha nyumba tatu, na kama unaijua Lubumbashi unajua udongo wa pale mvua ikishika, mwekundu, mzito, unanata ku kiatu mpaka unatembea kama mtu amefungwa matofali miguuni. Mashini yangu, ile ndogo ya pine (matairi) nne na ndoo mbele ambayo huku sisi wote tunaiita Bobcat hata kama ubavuni imeandikwa jina lingine, ilikuwa inabeba mchanga toka barabarani mpaka nyuma ya kiwanja, mita kama sitini tu. Safari ya nne ikakaa. Shofere akakanyaga, pine zikazunguka, ikajichimbia, tumbo likagusa chini, basi. Tuliitoa saa tisa ya mchana kwa lori na kamba ya chuma, siku nzima imekufa, na mwenye kiwanja amesimama na mwavuli wake ananiangalia tu, hasemi kitu. Afadhali angenitukana.

Njo siku ile nikaanza kutafuta sheniye. Na nilikosea karibu kila kitu mtu anaweza kukosea, kwa hiyo naandika hapa ili mwenzangu asirudie.

Kwanza tuelewane majina, maana garajini maneno haya yanachanganya watu. Sheniye ni ile minyororo mipana ya nje kama ya buldoza. Sheni ni ile ya ndani, inakaa kwenye boksi lake la mafuta ubavuni mwa mashini na inatoa nguvu kwa motere ya idroliki (inayosukumwa na mafuta) kupeleka ku pine. Kila upande una motere yake, na pine mbili za upande mmoja zinazunguka pamoja daima, haziwezi kupishana. Mashini haikati kona kwa usukani, inakata kwa upande mmoja kwenda mbio kuliko mwingine, pine zinaburuzwa. Shika hilo vizuri kwa sababu shida zote nitakazokueleza zinatokea hapo, na ndiyo hiyohiyo sababu unaweza kuzungusha sheniye moja juu ya pine mbili na ikafanya kazi.

Halafu tusiilaumu mashini yenyewe. Kina Keller wawili, Cyril na Louis, waliitengeneza huko Minnesota, Marekani, mwaka 1957, ili mfugaji mmoja aweze kusafisha banda la batamzinga. Ilizaliwa kwa banda, sakafu ngumu, mahali padogo pa kugeukia, potopoto (tope) ya Katanga hakuna aliyeiwaza.

Ukitaka kuipa miguu mingine una njia tatu. Unaweza kuuza yako ununue ile iliyotoka kiwandani na sheniye za mpira, ni nzuri sana, ila bei yake itakukalisha chini, na mpira wenyewe kwa kawaida unakufa kati ya saa 1,200 na 1,600 za kazi, kwenye mawe makali hata mapema. Unaweza kung'oa pine zote ukafunga ku habu (kitovu cha gurudumu) fremu nzima zenye magurudumu na mpira wake. Ama unaacha pine pale zilipo na kuzungushia sheniye juu yake. Mimi mfuko wangu ulijibu kabla sijauliza, nikachukua njia ya tatu.

Muuzaji mmoja, simtaji, aliniambia kwa simu kwamba sheniye zake zinaingia mashini yoyote, "patro, ni saizi moja tu, usijali". Nikatuma pesa. Zikaja za chuma, zilizotumika, kutoka Afrika ya Kusini, zikapita Zambia, zikalala mpakani Kasumbalesa muda wake, siku ya kushusha mafurushi nikaona nimekuwa mtu mkubwa. Jozi ni karibu nusu tani ya chuma, kwa hiyo usiite vijana wawili waje kukusaidia kubeba, tafuta mashini nyingine au palan (winchi ya kunyanyulia).

Mekanisie wangu ni mzee wa commune ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, tunamwita Papa, sisi wote. Alikuja, hakugusa sheniye hata kidogo, akatoa kamba mfukoni akazungusha ku pine ya mbele, akaweka fundo, akapeleka kamba ileile ku pine ya nyuma. Haikufika. Akarudia upande wa pili, vilevile.

"Mwanangu, hizi za nyuma ulinunua lini?"

"Mwezi wa kumi, Papa."

"Na za mbele?"

Nikanyamaza. Za mbele zilikuwa na miaka yake, kipara.

Kipenyo kilipishana kama sentimita tatu, unaona ni kitu kidogo, lakini zungusha pine mara moja tofauti inakuwa sentimita tisa na zaidi. Bila sheniye mashini inamalizia hiyo tofauti kwa kuteleza kidogo chini, huoni. Ukifunga sheniye, pine mbili sasa zimevaa mkanda mmoja, moja inataka kwenda mbio na nyingine inakatazwa, lazima kitu kiumie: mpira wa pine, sheni ya ndani, au ruloma (beringi) za ekseli. Papa alikataa katakata kufunga mpaka niwe na pine nne za aina moja, saizi moja, zilizoisha sawasawa. Hata za zamani zote nne ni sawa, alisema, ila zisipishane. Nikanunua mbili zingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya sheniye chukua kamba upime pine zako, ni bure.

Kitu cha pili ambacho sikupima ni nafasi. Pine za yangu ni 12-16.5, pana, zile ambazo watu wengi wanazo, na kati ya pine na bodi palikuwa panaingia vidole vyangu vitatu vya kubana. Sheniye zina masikio pembeni yanayoshika pine isitoke, sasa sikio la ndani linapita humohumo kwenye hizo vidole vitatu. Tulipojaribu mara ya kwanza, mita kumi tu, nikasikia krrr krrr krrr, kushuka naangalia, rangi ya bodi imetoka mstari mzima na kichwa cha bulo (bolti) kimoja kimeng'aa kama shilingi mpya. Dawa yake ni vipande vya chuma vya duara unavyoweka kati ya habu na janti (rimu) ili pine isogee nje, yangu ilitaka sentimita tano kila pine. Suderi (fundi wa kulehemu) wa jirani alisema atanikatia kwenye bamba kwa bei nzuri, Papa akasema hapana, hicho kitu lazima kichongwe kwa turu (mashini ya kuchongea chuma), kikae katikati kamili, kikienda upande hata kidogo pine inatingishika na ekru (nati) zinalegea. Tukachongesha. Na ukiviweka kaza ekru tena baada ya saa ya kwanza, halafu kila asubuhi wiki nzima, mimi siku ya pili nilikuta tatu zimelegea. Ujue pia kwamba pine ikisogea nje, mzigo ku ruloma unaongezeka. Hakuna cha bure hapa.

Pima pia nafasi kati ya pine ya mbele na ya nyuma, na ukishafunga, kabla hujaendesha hata mita moja, inua mikono ya mashini mpaka juu, shusha, kunja ndoo yote, kunjua yote, mtu mwingine akiangalia pembeni kama kuna chuma kinakaribia sheniye. Dakika mbili.

Kufunga kwenyewe kulituchukua toka saa mbili ya asubuhi mpaka saa nane. Tafuta sakafu ngumu. Unalaza sheniye chini mbele ya pine, unaangalia mshale wake unaelekea wapi, shofere anapanda polepole mpaka pine mbili zimekaa juu yake, halafu anashusha ndoo chini, anazima motere, anatoa ufunguo na Papa anauweka mfukoni mwake mwenyewe. Ncha mbili unazileta juu kwa palan ya mkono. Yetu ilifika ikabaki upana wa kidole gumba, matundu yanaonana ila hayalingani, tunavuta, haiji, kijana mmoja akataka kuingiza kidole aone imebaki kiasi gani, Papa alimpiga mkono kama unavyompiga mtoto anayegusa nyama ya wageni. Hapo unaingiza turnevisi (bisibisi), kidole hapana, chuma kile kikiteleza kidole kinabaki humo.

Alichofanya baadaye kilinifurahisha. Akachuchumaa ku pine ya nyuma akatoa hewa, pssss, polepole, pine ikanywea, na sheniye yenyewe ikalegea, matundu yakakutana, pini ikaingia kwa pigo moja la nyundo. Kisha akarudisha hewa na pine ikavimba ikakaza kila kitu. Wakati wa kujaza tulisimama upande wa meno ya pine, si mbele ya ubavu wake wala janti. Hewa yenyewe isiwe ya kubahatisha, ukitembea na sheniye pine inataka kuwa ngumu kuliko siku zote, lakini usipite kile kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, na zote nne ziwe sawa.

Kukaza ni kiasi. Simama kati ya pine mbili, bonyeza sheniye kwa juu, mimi nataka ishuke vidole viwili mpaka vitatu. Ikikaza kama ngoma unaua ruloma na motere inalia, ikilegea itatoka siku unayokata kona kwenye mteremko. Na italegea tu, pini mpya zinajitafutia makao yake masaa ya kwanza, yangu baada ya wiki mbili tulitoa kipande kimoja kila upande.

Sasa je, inasaidia? Aisee. Tulirudi Kalebuka mvua bado inapiga, njia ileile, mashini ikapita na ndoo imejaa, ikiacha alama kama ya ngazi kwenye udongo. Uzito umegawanyika mahali pakubwa, haizami kirahisi, na uzito wa chuma umekaa chini na mashini imepanuka, ku mteremko haikutishi tena. Mwenye kiwanja safari hii aliongea mpaka nikachoka.

Ila shofere inabidi umfundishe upya. Yule aliyezoea kuzungusha mashini mahali pamoja kama mchezaji wa ndombolo, huyo atakutoa sheniye au atakata sheni ya ndani. Kona iwe pana, nenda mbele, rudi nyuma, nenda tena. Mazuti (dizeli) inakula zaidi, mwendo unapungua. Jioni lazima mtu achukue koleo atoe udongo na mawe kati ya pine na chuma, ukiuacha unakauka kama tofali la kichuguu na asubuhi kitu hakizunguki.

Na usipite na sheniye ku gudro (lami). Mimi nilipokea kazi ndogo ya siku moja kwenye ua mmoja mtaa wa Golf, nikasema aah, kufungua nusu tani ya chuma kwa kazi ya masaa matatu? Nikaingia nazo. Kona moja tu kwenye vile vitofali vya sementi, vikang'oka kama meno ya mzee, na faida yote ya kazi nikaiacha palepale kwa kuvirudishia. Kama kazi zako nusu ni majani na nusu ni ua za watu, angalia zile zenye vipande vya mpira juu ya chuma. Kwa potopoto tupu chuma cha wazi kinashika vizuri na kinajisafisha, kwa mawe ya slagi (mabaki ya kuyeyusha madini) pia chuma.

Mdogo wangu yuko Goma na anazo kwa sababu nyingine kabisa. Kule potopoto si tatizo lao, tatizo ni mawe ya volkano, ile lava iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani mwezi wa kwanza 2002, ukiivunja inakuwa viwembe na pine inapasuka ubavuni. Kwake sheniye ni kiatu cha kulinda pine. Lakini analalamika kwamba jiwe likiingia ndani linabanwa kati ya chuma na mpira, hivyo anasimama kuangalia kila mara, na pine zake hazikuacha kufa, zinakufa polepole tu.

Kama mashini yako inafanya kazi siku nyingi ku beto (zege) na ku gudro, mimi nakushauri usinunue, kodisha ya mwenzako ile miezi miwili mibaya. Kama sheni zako za ndani zinagonga sasa hivi, ukienda mbele na kurudi unasikia "kwa!", rekebisha hizo kwanza, mzigo wa sheniye utazimaliza. Na muuzaji akikwambia saizi moja inaingia zote, mpe upana wa pine, kipenyo, na umbali toka katikati ya ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, umuulize hesabu ya vipande. Wangu nilipompigia tena na hizo namba alikata simu.

Mimi nafunga mwezi wa kumi na moja mvua zikianza kushika na nafungua mwezi wa nne au wa tano. Kabla ya kuhifadhi tunaosha, tunapaka mafuta machafu ya motere kwenye pini, na Papa anaandika kwa rangi nyeupe K na S, kushoto na kulia, maana yeye kulia anaita "sahihi" na mimi nimeshindwa kumbadilisha. Saa hii ninapoandika ni mwezi wa saba, baridi, vumbi, ziko nyuma ya garaji juu ya mbao, na kuku wa mama watoto wametaga ndani ya ile ya S.