Maswali ya Wasomaji: Vitafunio vya Kuoka Nyumbani kwa Safari Ndefu za Baiskeli

Swali: Ndugu Mshauri, kwa muda sasa nimekuwa nikioka vipande vya oti vyenye karanga nyingi, siagi na asali kwa ajili ya safari zangu za baiskeli za kilomita 150 na zaidi. Nyumbani kila anayevionja huvisifu. Barabarani mambo hugeuka: vipande hugeuka chenga mfukoni, na baada ya kuendesha kwa saa tatu au nne tumbo hujaa na kuchafuka hata nashindwa kumeza, ilhali miguu nayo imekwisha nguvu. Kosa langu liko wapi, na nibebe kiasi gani?

Jibu: Ndugu msomaji, nadhani sifa za mezani ndizo zilizokupoteza. Mtu aliyeketi hufurahia siagi na karanga za kutafuna, lakini anayekula huku ameshika usukani kwa mkono mmoja na kuhema anahitaji kitu laini, kinachomezeka upesi na kisichokaa sana tumboni. Unapoendesha kwa nguvu, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli inayofanya kazi na tumbo hupata kidogo kuliko kawaida. Mafuta, protini na nyuzinyuzi, ambavyo hata kwa mtu aliyepumzika huchelewesha chakula kutoka tumboni, ndipo hugeuka mzigo. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na siagi ni mafuta kwa zaidi ya asilimia 80. Nishati imo ndani ya vipande vyako, tena tele, ila haiifikii miguu kwa wakati inapohitajika.

Kinachohitajika hasa ni wanga. Mwili wa mtu mzima aliyekula vizuri huhifadhi takriban gramu 400 hadi 500 za wanga katika misuli na ini, akiba inayoweza kupungua mno kwa saa chache za kuendesha kwa kasi. Ndiyo sababu inafaa kuanza kula ndani ya saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi, kwa kiasi cha gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Wanaoendesha kwa nguvu kwa zaidi ya saa mbili na nusu wanaweza kufikia gramu 90, kwa sharti kwamba wanga huo uchanganye aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, kwa kuwa utumbo hupitisha kila moja kwa mlango wake, na ule wa glukosi huelemewa ikifika takriban gramu 60 kwa saa. Hapo mwokaji ana bahati, kwani sukari ya kawaida ni nusu kwa nusu, na asali na tende zina zote mbili. Hata hivyo, usirukie gramu 90 siku ya safari yenyewe. Tumbo nalo huzoezwa, wiki baada ya wiki, kama miguu.

Basi jaribu hivi. Loweka gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa katika maji machache ya moto, kisha uziponde mpaka ziwe uji mzito. Chukua gramu 250 za oti, usage nusu yake iwe kama unga, kisha uchanganye zote na tende, gramu 100 za asali, gramu 60 tu za siagi iliyoyeyushwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Karanga ziache kabisa, au zihifadhi kwa siku za mwendo wa polepole. Shindilia mchanganyiko kwenye trei kwa mgongo wa kijiko, kwa nguvu kuliko unavyodhani inatosha, na uoke kwa nyuzi 170 za Selsiasi kwa dakika 25 hivi. Kingo zikianza kugeuka rangi, toa, hata kama katikati bado ni laini.

Chenga zako zina sababu tatu: oti nzima zisizo na cha kuzishikamanisha, kuoka kupita kiasi, na haraka ya kukata. Acha trei ipoe kabisa ndipo ukate vipande 12. Vilevile usivifunge vikiwa na joto, kwa maana mvuke hugeuka maji ndani ya karatasi na kuvilowesha. Kila kipande kifunge peke yake kwa karatasi ya kuokea, ukiacha ncha moja imesokotwa kwa ulegevu ili uivute kwa meno. Foili hushika vizuri zaidi, lakini aliyewahi kuing'ata anajua kwa nini siipendekezi.

Kila kipande kitakuwa na takriban gramu 30 za wanga, kwa hiyo viwili kwa saa vinatosha, na trei moja itakufikisha saa sita. Ndizi moja ya wastani yaweza kushika nafasi ya kipande kimoja. Kila ulapo, kunywa maji.

Swali: Kwenye safari za kutwa nzima huwa nachoshwa na utamu. Je, naweza kubeba vitu vya chumvi?

Jibu: Bila shaka, na hata jasho linalokutoka linadai chumvi. Oka mikate midogo laini yenye jibini kidogo ndani ya unga wenyewe, au beba viazi vidogo vilivyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi. Wali ulioshindiliwa na kukatwa vipande hupendwa na waendeshaji wengi wa mashindano, lakini uangalie sana, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa na kisha huongezeka wali ukikaa kwenye uvuguvugu. Ule ndani ya saa mbili, na jua likiwa kali, ndani ya saa moja. Vijazo vya krimu vibaki nyumbani. Ipo keki ya Kifaransa iitwayo Paris-Brest, yenye umbo la gurudumu, ambayo mwokaji Louis Durand aliibuni mwaka 1910 kuenzi mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, yaliyoanza mwaka 1891. Imejaa krimu, hivyo licha ya jina lake ni ya kuliwa baada ya kufika.

Swali: Je, nioke siku ngapi kabla, na chokoleti inafaa?

Jibu: Vipande vya oti hukaa siku nne au tano katika kopo lililofungwa vizuri. Keki ya ndizi ina unyevu mwingi, hivyo ioke siku moja kabla. Ukivigandisha vipande kwenye friza, vitoe asubuhi ya safari, navyo vitalainika vikiwa mfukoni. Chokoleti huyeyuka karibu na joto la mwili, na mfuko wa jezi umelalia mgongo wako. Tumia unga wa kakao ndani ya mchanganyiko.