Maswali na Majibu: Mistari ya INFO inapotea baada ya kuwasha AsyncAppender

Swali: Programu yetu ya Java inatumia Logback, maktaba ya kuandika logi. Ilikuwa inazorota kila mzigo ukipanda, kwa hiyo nikaiweka faili ya logi nyuma ya AsyncAppender, sehemu ya Logback inayoandika logi pembeni ili ombi lisisubiri. Kasi imerudi, ila sasa nikifuatilia ombi moja naona mstari wa kuanza, wa kumaliza siuoni. Hakuna kosa lolote linaloripotiwa. Shida ni diski au ni maktaba yenyewe?

Jibu: Diski yako haina neno. Logback ndiyo inayoitupa mistari hiyo, tena kwa makusudi, na imekuja hivyo bila wewe kugusa kitu.

AsyncAppender ina foleni kwenye kumbukumbu. Thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) inayoshughulikia ombi huacha rekodi hapo na kuendelea na kazi, halafu thredi nyingine, moja tu, huzichota na kuziandika. Usipotaja ukubwa, foleni ina nafasi 256. Nafasi tupu zikishuka chini ya moja ya tano, yaani chini ya 51, rekodi za viwango vya chini, yaani TRACE, DEBUG na INFO, hazipokelewi tena. WARN na ERROR, za maonyo na makosa, bado hupita. Ndiyo maana kwenye majaribio mepesi kila kitu kinaonekana sawa.

Badilisha hivi:

```
<appender name="ASYNC"
    class="ch.qos.logback.classic.AsyncAppender">
  <queueSize>8192</queueSize>
  <discardingThreshold>0</discardingThreshold>
  <appender-ref ref="FAILI"/>
</appender>
```

Hiyo sifuri inazuia utupaji. Gharama yake ni kwamba foleni ikijaa kabisa, thredi za maombi zitasubiri kama zamani. Watu wengi hapa hukimbilia kuongeza queueSize, lakini foleni haiongezi kasi ya diski. Inafaa kwa mzigo wa ghafla unaopita. Kama programu inaandika kuliko diski inavyoweza kumeza, saa baada ya saa, nafasi 8192 zitajaa vilevile, zitachelewa tu. Hapo punguza unachoandika: DEBUG iliyosahaulika ndani ya kitanzi ndiyo ninayoanza kuitafuta.

Utakutana pia na neverBlock. Ukiiweka true, thredi haisubiri kamwe, na foleni ikijaa hata ERROR inatupwa. Mimi siiwashi, isipokuwa mahali ambapo kuchelewa kidogo ni kubaya kuliko kupoteza ushahidi.

Angalia na wakati wa kuzima. Rekodi zilizo kwenye foleni bado hazijafika kwenye faili. LoggerContext (kiini cha Logback kinachoshika logger na appender zote) ikisimamishwa vizuri, AsyncAppender husubiri hadi milisekunde 1000 kumaliza foleni, na kinachobaki kinapotea. Muda huo unaongezwa kwa maxFlushTime. Ongeza shutdownHook kwenye mipangilio ili usimamishaji ufanyike wenyewe. Kwa kill -9, inayoua programu papo hapo, hakuna cha kuokoa. (Ukiona alama ya kuuliza mahali pa namba ya mstari wa kodi, hiyo ni includeCallerData iliyozimwa. Kuiwasha kuna gharama, iache ikiwa huihitaji.)

Rekodi za malipo au za ukaguzi nisingezipitisha kwenye foleni hii hata kidogo. Zipe logger yao, additivity="false" (ili rekodi zisipelekwe pia kwa appender za logger za juu yake), iende moja kwa moja kwenye faili yake. Ombi la malipo likichelewa kidogo kwa sababu hiyo, ni sawa.