Ruzuku Ndogo kwa Mradi wa Darasa: Omba Kile Ambacho Wanafunzi Watakishika

Andiko langu la kwanza la kuomba ruzuku kwa ajili ya darasa la sayansi katika shule ya umma lilikuwa na kurasa sita, na katika kurasa nne za mwanzo hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa akifanya jambo lolote. Nilieleza umuhimu wa sayansi, nikaeleza uhaba wa vifaa, nikaahidi kuinua kiwango cha elimu, kisha mwishoni, kama mtu aliyekumbuka shida yake akiwa amekwishaaga, nikaomba hadubini kumi. Nilijibiwa kwa barua ya mistari mitatu kwamba ombi halikufanikiwa. Niliudhika, nikajisemea kwamba fedha hizo zina wenyewe. Miaka michache baadaye nilialikwa kuwa miongoni mwa wasomaji wa maombi ya namna hiyo, na kabla sijafika nusu ya rundo nililokabidhiwa nilikuwa nimesoma andiko langu la zamani mara nyingi sana, likiwa limetiwa saini na watu wengine.

Ruzuku ndogo hutolewa kwa kawaida mara moja, kwa kazi inayoweza kukamilika ndani ya muhula au mwaka mmoja wa masomo, na aghalabu haijengi madarasa wala hailipi mishahara. Kwa hiyo msomaji wa maombi hatafuti kushawishika kwamba elimu ni muhimu, maana bila kuamini hivyo asingekuwa ameketi hapo. Anachotafuta ni kuona wanafunzi wangapi watafanya nini, kwa kutumia kifaa gani, na mwalimu atajuaje kwamba wamejifunza. Ukimwonyesha hayo katika aya ya kwanza, kurasa zinazobaki atazisoma kwa moyo mwepesi.

Andiko langu la pili lilihusu mvua. Nilieleza kwamba wanafunzi wangekata shingo ya chupa ya plastiki iliyonyooka ubavuni, waigeuze iwe mdomo wa kukingia, waweke changarawe chini ili upepo usiiangushe, wajaze maji hadi usawa wa alama ya sifuri, kisha wasome kipimo kila siku saa 3 asubuhi huku macho yakiwa sambamba na uso wa maji. Kwa kuwa milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba, wangeweza kukokotoa kwamba mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 60 humwaga lita 1,200, ukiacha kile kinachopotea njiani. Niliomba kipimo kimoja cha dukani cha kulinganishia, vipimajoto, futi ya kamba, madaftari ya jalada gumu na waya wa kuzungushia eneo. Jumla yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya zile hadubini, na ombi lilikubaliwa.

Sehemu inayoangusha waombaji wengi, hata wale wenye wazo zuri, ni bajeti. Mtu huandika bei ya kifaa kikuu kwa uangalifu, akasahau usafiri, kodi, betri, vipuri, kufuli la kabati na gharama ya kurudufu karatasi za mazoezi. Matokeo yake kifaa hufika shuleni kikakaa kwenye boksi lake kwa sababu hakuna waya wa kukiunganisha. Nakushauri upite dukani mwenyewe, upate ankara kifani, yaani karatasi ya muuzaji inayoonyesha bei kabla hujanunua, kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili, na uandike tarehe ya bei hizo, kwa kuwa kati ya siku ya kuomba na siku ya kupokea fedha huweza kupita miezi. Kila kifaa kwenye bajeti kionekane pia kwenye maelezo ya kazi, na kila kazi iwe na kifaa chake. Niliposoma maombi ya wengine nilikuwa nikiweka kidole kwenye mstari wa bajeti na kuutafuta katika maelezo. Mstari uliokosa pa kutua ulinifanya nitilie shaka hata ile iliyokuwa halali.

Inafaa pia kuuliza mapema kama mfadhili hutoa fedha taslimu au vifaa. DonorsChoose ya Marekani, tovuti ya kuchangia miradi ya walimu iliyoanzishwa mwaka 2000 na Charles Best alipokuwa mwalimu wa shule ya umma huko Bronx, New York, hununua vifaa ambavyo mwalimu ameomba na kuvituma shuleni badala ya kumkabidhi fedha. Utaratibu huo humwondolea mwalimu mzigo wa stakabadhi, lakini humlazimu awe amechagua sawasawa tangu mwanzo, kwa kuwa hawezi kubadili mawazo akiwa dukani. Fedha zikipitia akaunti ya shule, mkuu wa shule na mhasibu wawe wamelisoma andiko kabla halijatumwa. Saini iliyoombwa dakika za mwisho mlangoni mwa ofisi huleta maneno baadaye. Andika vilevile ni nani atakayetunza ufunguo wa kabati, na vifaa viingizwe kwenye leja ya shule siku hiyohiyo vinapofika, ili ukihamishwa visihame nawe wala visibaki bila mwenyewe.

Kuhusu ripoti, usingoje kukumbushwa. Yangu ilikuwa na kurasa mbili, stakabadhi, na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la mvua wenye siku mbili tupu, kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa akisoma kipimo aliugua na hakuna mwenzake aliyekuwa amefundishwa kazi hiyo. Nilisita kuuambatisha ukurasa ule. Mfadhili aliniuliza maswali mengi zaidi juu ya siku hizo mbili kuliko juu ya stakabadhi zote, na katika ombi la mwaka uliofuata niliandika zamu za wanafunzi wawili wawili, nikaongeza madaftari mawili kwenye bajeti.