Maswali yenu kuhusu saa za taa za Nixie

Maswali ya wiki hii yote yanahusu zile taa za kioo zenye tarakimu za rangi ya chungwa, zilizokuwa kwenye vikokotoo na vyombo vya maabara miaka ya 1960, ambazo sasa watu wanaziundia saa nyumbani.

Fundi, shikamoo. Ndani yake kuna waya unaoungua kama wa balbu? (Morogoro)

Marahaba. Hapana, humo hakuna waya wa kuungua. Kuna gesi, neoni zaidi, na tarakimu kumi za chuma chembamba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine kama sahani kabatini, kila moja na mguu wake. Wavu mwembamba ndio anodi, yaani upande wa chanya. Ukiunganisha 7 na hasi, gesi inayoizunguka 7 ndiyo inayong'aa. Itazame kwa ubavu dakika inapobadilika, utaona namba zinaruka mbele na nyuma ndani ya kioo. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizitoa mwaka 1955, lakini nyingi za sokoni leo ni akiba za Kisovieti, hasa aina za IN-12 na IN-14.

Nina adapta ya volti 12 tu. Volti 170 ambazo taa hizi zinahitaji nazitoa wapi, na je, zinaua? (Kisumu)

Zinaweza kuua, tuanze na hilo. Volti unazipandisha kwa koili (waya uliozungushwa), transista ya aina ya MOSFET (swichi ya umeme), dayodi ya kasi (hupitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (hutunza umeme). Transista inawasha na kuzima koili maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ikizima, koili inarusha volti nyingi kwenye kapasita. Taa hudai karibu volti 170 ili iwake, na ikishawaka yenyewe hukaa kwenye 140 hivi. Taa sita za IN-14, kila moja milliampea 2.5, kwa saketi inayotoa volti 180, ni wati 2.7. Ongeza kinachopotea njiani, bado adapta yako ya ampea 1 inatosha na kubaki.

Sasa hatari yenyewe. Saketi yangu ya kwanza niliichomoa ukutani, nikaenda kunywa chai, nikarudi na kushika bodi kwa kujiamini. Mkono uliruka wenyewe hadi begani. Umeme ulikuwa umezimwa kweli, ila kapasita ya mikrofaradi 4.7 ilikuwa bado imeshiba. Tangu siku hiyo naweka rezista (kizuia umeme) ya megaomu 1 sambamba na kapasita, imalize umeme uliobaki. Nikichomoa nasubiri nusu dakika, napima kwa multimita, ndipo naweka kidole. Nikilazimika kupima umeme ukiwepo, mkono mmoja unakaa mfukoni. Na usije ukadanganywa kuchukua umeme wa ukutani ukaupitisha kwenye dayodi moja kwa moja ili kuokoa gharama ya koili. Hapo hata kitufe cha kurekebisha saa kinaweza kukupiga.

Rezista za kupunguza umeme niweke kumi kwa kila taa, moja kwa kila tarakimu? (Arusha)

Moja tu, upande wa anodi. Toa 140 za taa kwenye 180 za saketi, zinabaki volti 40. Gawa kwa milliampea 2.5, unapata kiloomu 16. Mimi naweka 18. Mwanga unapungua kidogo sana na taa inadumu.

Nimenunua IN-12, namba 5 yake ni 2 iliyogeuzwa juu chini. Nimeuziwa feki? (Mombasa)

La. Ndivyo zilivyotengenezwa, kiwandani walitumia umbo lile lile mara mbili. Ukishaliona huwezi tena kutoliona, pole.

Bibi yangu yuko Pemba, kwake saa moja ni asubuhi jua likishatoka. Saa hii inaweza kumwonyesha saa za Kiswahili? (Muscat)

Swali la wiki hili. Inaweza, na ni mstari mmoja wa programu: chukua saa ya mfumo wa 24, jumlisha 6, gawa kwa 12, shika baki, baki likiwa 0, andika 12. Saa 13 inakuwa 19, baki 7, saa saba mchana. Chipu ya kutunza muda iache ihesabu kama kawaida, badilisha kinachoonyeshwa tu. Chagua chipu ya DS3231, ambayo kwenye joto la kawaida la nyumbani hupotea kama dakika moja kwa mwaka, na betri yake ndogo itashika muda umeme ukikatika. Weka na kitaa kimoja kidogo cha neoni pembeni kiwake kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri, ajue ni usiku.

Ila kuna mtego. Taa ya kwanza kushoto itaonyesha 0 na 1 peke yake maisha yake yote. Chuma kinachochomoka kidogo kidogo kwenye tarakimu zinazowaka hutua kwenye zile zisizowaka, na miaka ikipita, siku utakayoitaka 8 itawaka nusu. Kwa hiyo kila usiku wa manane zungusha taa zote kuanzia 0 hadi 9 kwa dakika kadhaa. Mwambie bibi mapema, asije akadhani saa imeingiwa na shetani. Na tafadhali usiweke vile vitaa vya buluu chini ya kila taa. Vinaua rangi ya chungwa yote.